Mraba wa Kumi na Nane

Jumatano ya Majivu, Machi 5

Mhandisi amenipa daftari hili leo asubuhi, majivu yakiwa bado kwenye paji langu la uso. Kazi yako ni ndogo, ameniambia: kila siku kagua vioo, uandike. Vioo ni vipande tulivyobandika juu ya nyufa za ukuta wa kaskazini wa kanisa. Kioo kikipasuka, ujue ukuta umesogea. Hakuniambia niandike na mengine, lakini daftari lina kurasa mia mbili na nyufa ni kumi na tisa tu. Sipendi karatasi iende bure.

Amenipa na fomu. Sehemu yote ya chini ya ukuta ule ameigawa miraba thelathini na miwili, na kila mraba una mistari mitatu: hali, chanzo, fundi. Mstari wa fundi ni wa jina la aliyepiga lipu iliyopo sasa. "Jina kamili," kanisisitizia. "Watakaokuja baada yetu wajue nani alifanya nini." Huyu dada nimemzidi miaka kumi na mitano na buti zake zinang'aa kama za harusi, ila kazi anaijua. Nitamvumilia.

Kanisa letu lina miaka mia moja na thelathini. Mapadre wa kwanza walichora, mafundi wa hapa wakajenga kwa miaka kumi na mmoja, mawe na chokaa tupu. Kuta ni nene hivi kwamba ukikaa dirishani unanyoosha miguu. Kila upande kuna matao saba, na hakuna mawili yanayolingana, kwa sababu kila tao lilipewa fundi wake na kila fundi alikuja na jicho lake. Baba alinifundisha kuyatofautisha kabla sijajua kusoma. Tao la tatu ni la yule aliyekuwa na haraka. La sita ni la yule aliyependa sifa.

Jioni Baba kauliza kama anavyouliza kila siku tangu kifua kimlaze: "Ukuta unasemaje?"

"Mzima, Baba."

"Si nilikwambia."

Machi 6

Mvua. Vioo vyote vizima.

Machi 8

Leo Baba amepata nguvu kidogo, akatusimulia mimi na Shangazi hadithi ya mwiko. Shangazi ni dada yake wa mwisho. Alikuja kumuuguza kwa wiki moja, huu sasa mwezi wa nne, na nyumba yote iko chini ya amri yake.

Hadithi yenyewe ni ya mwaka wa jubilei, miaka thelathini na minane iliyopita. Ukuta wa kaskazini ulikuwa umeanza nyufa, na paroko wa wakati ule alitaka upendeze ndani ya wiki tatu, kabla wageni hawajafika. "Usipoziba ufa utajenga ukuta," akawa anawaimbia mafundi kutwa. Baba ndiye alikuwa kiongozi wao. Wakamwita Mzee Timazi tangu akiwa kijana, maana jicho lake halikuhitaji kamba wala uzito wa kupimia wima. Akaagiza saruji. Babu mzaa mama, aliyemfundisha Baba kazi na baadaye akamwoza binti yake, alikuja akasimama chini ya jukwaa akapaza sauti: "Saruji juu ya ukuta wa chokaa ni mwiko!" Baba, huko juu, akainua mwiko wake wa kupigia lipu: "Basi huu hapa, mzee, ndio ninaoupakia!" Mafundi wakaangua kicheko, nusura jukwaa lianguke.

Nilikuwa na miaka sita, na ule mwiko nilikuwa nimempelekea mimi. Ndipo wakaanza kuniita Mwiko, na jina halijanitoka hadi leo.

Baba alicheka mpaka akakohoa, akakohoa mpaka Shangazi akamshika mgongo. Hadithi hii nimeisikia mara mia na nacheka mara zote mia. Na leo nimecheka.

Machi 10

Kioo namba saba kimepasuka.

Machi 12

Leo tumeanza kubandua lipu. Mhandisi kasema lazima tuone ukuta ukoje ndani. Nilianza mimi kwa tindo na nyundo, mraba wa tano. Saruji ya Baba ni ngumu, nikajisifu kimoyomoyo: hii ndiyo kazi ya mtu. Kisha bonge zima likatoka, na nyuma yake pakatiririka maji.

Sisemi unyevunyevu, nasema maji. Chokaa ya zamani iliyoshika mawe imekuwa uji. Nimeingiza kidole kati ya jiwe na jiwe kikazama mpaka fundo la pili. Nikabandua mraba wa sita, hali ileile. Wa saba, vilevile.

Mhandisi akapanda jukwaani na buti zake, zikachafuka na hakujali. Akatueleza taratibu. Ukuta wa chokaa hunywa maji ya mvua na ya ardhini, kisha huyatoa jua likiwaka. Miaka yote ulikuwa ukifanya hivyo. Saruji haipitishi kitu. Aliyeipaka aliuziba ukuta pua na mdomo, maji yakakaa ndani yakiula mwaka hadi mwaka. Zile nyufa ndogo za zamani zisingeuangusha kamwe.

"Nani alifanya hivi?" akauliza.

Hatua chache kutoka tulipo, karibu na mlango wa sakristia, kuna jiwe la kumbukumbu pana kama mlango uliolazwa. Linasema ukuta huu ulikarabatiwa kwa utukufu wa Mungu mwaka wa jubilei, na chini yake jina la Baba kwa herufi za kuchonga. Mhandisi hajui kuwa ni baba yangu. Hapa kazini mimi ni Mwiko tu. Wenzangu wawili wanaojua waliinamia ndoo zao.

"Wa zamani hao," nikasema. "Wengi wamekufa."

Kwenye fomu, miraba mitatu: hali, mbovu. Chanzo, saruji. Fundi, hajulikani.

Nyumbani Baba kaniuliza ukuta unasemaje. Nikasema mzima, na chakula sikukimaliza.

Machi 14

Mvua kutwa. Miraba minne. Mbovu, saruji, hajulikani. Mara nne.

Machi 17

Kioo cha tisa na cha kumi. Miraba mitatu. Hajulikani.

Machi 19, Mtakatifu Yosefu

Sikukuu ya msimamizi wa mafundi. Paroko wetu, ambaye ana mwaka mmoja tu hapa na nia njema kupita kiasi, alituita mbele tubarikiwe na vifaa vyetu. Kisha akasema tumwombee Mzee Timazi, baba yake Mwiko, aliye mgonjwa, aliyeokoa nyumba hii ya Mungu mwaka wa jubilei. Watu wakapiga makofi. Mhandisi alikuwa benchi la nyuma. Nilimwona akiinua macho kulitazama lile jiwe, akisoma jina, kisha akinitazama mimi.

Baada ya misa aliniuliza tu kama nina glavu za kutosha.

Nilimpelekea Baba salamu za makofi. Akafumba macho akatabasamu, na mimi nikatoka nje nikalia nyuma ya nyumba kama mtoto aliyevunja chungu. Mtu huyu ana kitu kimoja tu cha kuondoka nacho duniani, nacho ni ukuta ule. Akifa akijua, atakuwa amekufa mara mbili. Nimeapa hatajua kutoka kwangu.

Machi 21

Miraba mitano. Sina la kuongeza.

Machi 24

Baba kanishika mkono leo asubuhi. "Niletee kipande cha lipu yangu," akasema. "Kidogo tu. Nataka kukinusa."

Nilikuwa na mabonge tele ya saruji yake, yametupwa uani kwa kanisa, kila moja lina uso laini kwa nje na ukungu mweusi kwa nyuma. Ningempelekea lipi? Nilizunguka ukuta wa kusini, ambao saruji haikuufikia, nikaokota kipande kilichodondoka cha chokaa ya kale, kikavu, cheupe, kizuri. Nikakifunga kwenye leso.

Alikisugua kwa kidole gumba. Akakinusa. Akakigusa kwa ncha ya ulimi kama alivyonifundisha mimi. Akakigeuza na kukigeuza kiganjani.

"Ahsante, mwanangu," akasema, akageukia ukutani akalala.

Nimefurahi. Mara ya kwanza mwezi huu.

Machi 25

Baba hakuuliza ukuta unasemaje. Usingizi, nadhani.

Machi 26

Hakuuliza.

Machi 28

Hakuuliza tena. Nikajichokoza mwenyewe: "Baba, ukuta mzima." Akaitikia, "Haya."

Jioni nilikuwa nikichambua mboga na Shangazi, nikamuuliza jambo ambalo sijui kwa nini sikuwahi kuliuliza. Kwa nini Babu hakuwa akija kwetu? Namkumbuka akisimama nje ya uzio, ananipa muwa, anaondoka. Hata siku ya msiba wa Mama alisimama palepale nje.

Shangazi akaweka kisu chini. "Kwani hukujua? Ni huo mwiko wenu."

"Mwiko gani?"

"Mzee wa watu alisema neno zito mbele za watu, akajibiwa mzaha mbele za watu. Na aliyemjibu ni mwanafunzi wake, mkwewe, aliyekula chumvi yake. Akasema hatakanyaga nyumba ya mtu huyo mpaka aombwe radhi. Baba yako naye, unamjua, shingo ya chuma. Wakakaa hivyo mpaka mzee akaingia kaburini."

Nikasema sisi siku zote tulikuwa tunacheka.

"Ninyi ndiyo. Mama yako uliwahi kumwona akicheka?"

Nimejaribu kukumbuka. Baba akifika pale pa "basi huu hapa, mzee," Mama huwa ameinuka kwenda kutazama chungu. Kila mara. Nilidhani ni chungu.

Machi 31

Mvua imekataa kukoma. Barabara ya nyuma ya kanisa imekuwa mto. Miraba iliyobaki ni mitano.

Aprili 3

Niandike kwa utaratibu.

Saa nne asubuhi vioo vinne vilipasuka kwa mpigo. Ukuta kati ya tao la nne na la tano ulikuwa umevimba, kitambi cha wazi kabisa. Mhandisi akaamuru tuweke nguzo za kuegemeza na kumtoa kila mtu kanisani, hata wanakwaya waliokuwa wakifanya mazoezi ya Pasaka, ambao walitoka wakinung'unika kwa sauti nne. Kisha akasema jiwe la kumbukumbu lishushwe kabla halijaanguka na kuua mtu.

"Unataka kutoka nje wakati tunalishusha?" akaniuliza kwa sauti ya chini. Kumbe amejua tangu siku ya Mtakatifu Yosefu na amenistahi wiki mbili nzima. Nimemkosea sana huyu dada kwa habari ya buti.

Nikasema jiwe hilo nitalishika mimi.

Tulikuwa wanne. Tulikata kingo, tukaweka kabari, tukalivuta. Nilijiandaa kwa maji, nimekunja uso. Hayakuja. Jiwe lilitoka jepesi kuliko tulivyotarajia, maana halikugandishwa ukutani. Lilikuwa limeegemea vipande vinne vya tofali pembeni, na nyuma yake paliachwa nafasi ya vidole viwili ili hewa ipite.

Na nyuma ya nafasi hiyo palikuwa na lipu ya chokaa. Si ya miaka mia moja na thelathini, ya juzi hiyo: mpya, nyororo, imepigwa kwa mikono mitatu, yaani tabaka tatu, kama Babu alivyokuwa akifundisha, wa kwanza mkwaruzo, wa pili tambarare, wa tatu mwembamba kama maziwa. Mraba mzima wa kumi na nane. Mhandisi akaweka kipimo chake cha unyevu, akakitazama, akakipiga-piga akidhani kimeharibika. Pakavu. Mawe ya nyuma yake yameshikana kama siku yalipowekwa. Ukuta mzima umeoza isipokuwa nyuma ya jina la Baba.

Kona ya chini kulia, mwiko umeburuzwa kidogo kuelekea kushoto. Huo ni mkono wake. Ningeujua popote.

Nilivua glavu nikaenda nyumbani bila kuaga.

Baba alikuwa macho. Sikukaa. Nikasema, "Baba, ukuta si mzima."

"Najua," akasema. "Uliniletea chokaa, Mwiko. Mimi nilikuomba lipu yangu, ukaniletea chokaa. Nikajua yangu haifai kuletwa." Akapumua kwanza. "Mtoto wa fundi unamdanganya fundi kwa chokaa! Ungeniletea hata jiwe la barabarani."

Nikacheka, nikalia, vyote pamoja. Akaniacha nimalize.

"Ukuta wangu hauna chokaa hata chembe," akasema.

"Upo mraba mmoja, Baba. Tumeshusha jiwe."

Hapo alifunika uso kwa kiganja. Sikuwahi kumwona Baba akilia, hata kwenye msiba wa Mama. Shangazi aliyekuwa mlangoni na uji akarudi nao jikoni.

Alinieleza kwa vipande, akipumzika kila baada ya maneno machache. Jioni ya kicheko kile hakula. Alijua mkwewe hakukosea, Babu hajawahi kukosea kuhusu chokaa. Lakini paroko alikuwa juu yake, siku zilikuwa zimekwisha, na mafundi walikuwa wameshacheka. Angeshukaje jukwaani? Basi siku za mwisho, wenzake wakiwa wameondoka, akapiga sehemu moja kama inavyostahili. Akamtuma Mama kwa Babu na ujumbe: aje aone kabla sijafunika, aone kwamba nilimsikia.

"Ulimwomba radhi?"

"Nilimwomba aje aone."

"Hakuja."

"Nilimsubiri siku mbili. Siku ya tatu nikabandika jiwe." Akakishika kile kipande cha chokaa. "Neno lenyewe lilikuwa moja tu, Mwiko. Mimi nikapiga lipu."

Kisha nikamweleza na habari ya fomu, maana sikutaka kubaki na uongo hata mmoja. Nilidhani atanishukuru. Akajiinua kwa kiwiko.

"Hajulikani? Miaka hamsini jukwaani, leo naitwa hajulikani? Ukuta nimeuharibu, sawa. Lakini nimeuharibu mimi! Niandike."

"Baba, watakusoma vibaya."

"Wanisome. Babu yako nilimnyima neno, nawe unataka uninyime jina? Niandike miraba yote."

Nilimfunika miguu.

Aprili 4

Jiwe lisirudishwe, Baba ametuma niwaambie. Na chokaa izimwe kwa maji leo, ilazwe shimoni, isiguswe kwa pupa hata Paroko akililia Pasaka. "Chokaa haina haraka," anasema. Hayo yalikuwa maneno ya Babu.

Mhandisi amekubali yote. Ukuta hautabomolewa. Utabanduliwa wote, ukauke, upigwe chokaa, hata ikichukua mwaka.

Aprili 7

Mvua imepungua. "Ukuta unasemaje?" Ameanza kuuliza tena.

"Unatoa maji, Baba. Yanatiririka mpaka sakafuni."

"Uache utoe."

Aprili 9

"Umeniandika?"

"Kesho."

Aprili 11

"Umeniandika?" Nimesema fomu iko kwa Mhandisi. Fomu ilikuwa mfukoni mwangu.

Jumapili ya Matawi, Aprili 13

Misa imefanyika uani. Vioo vilivyobaki vizima. Baba hali chakula. Anakishika kile kipande cha chokaa muda wote, na vumbi lake jeupe limejaa shukani. Shangazi halifuti.

Aprili 16

Baba amefariki leo saa mbili asubuhi. Vioo sikukagua.

Jumatatu ya Pasaka, Aprili 21

Tumemzika. Jeneza lilipita kando ya ukuta wa kaskazini kama alivyotaka siku zote, ila yeye alidhani litapita chini ya jiwe lake. Jiwe limelala uani, limefunikwa turubai. Ukuta uko uchi, mawe matupu, na mahali pamoja peupe katikati. Jua lilikuwa limewaka. Ukipita karibu ulisikia ubaridi wa maji yakitoka.

Paroko aliniuliza kabla ya misa aseme nini. Nikamwambia aseme alikuwa fundi. Alisema hivyo, na hakuongeza, Mungu ambariki.

Uchungu wangu si kwamba amekufa. Kifua kile kilikuwa kimemchosha. Uchungu ni kwamba aliniomba jambo moja mara tatu, na mara tatu nilimpa kesho. Shingo ya chuma nimeirithi, kumbe.

Aprili 24

Leo nimekaa kwenye ngazi ya sakristia na fomu na kifutio. Nimefuta "hajulikani" mara thelathini na moja. Karatasi imechakaa mahali pengine imetoboka. Nimeandika upya mmoja baada ya mwingine, sikuruka, sikuweka alama ya kurudia. Mraba wa kwanza: hali, mbovu, chanzo, saruji, fundi, Baba. Wa pili: mbovu, saruji, Baba. Mpaka wa kumi na saba.

Mraba wa kumi na nane: hali, mzima. Chanzo, chokaa. Fundi, Baba.

Kisha nikaendelea na mibovu mpaka mwisho.

Mhandisi ameipokea akaisoma yote amesimama. Akasema kwa upole kwamba fomu inataka jina kamili.

Nikamwambia hilo ndilo.